Kamusi ya Padri Bulcke: Jinsi Kiingereza Kilivyofasiriwa kwa Kihindi

Mwishoni mwa mwaka 1967 vijana wa vyuo katika miji ya kaskazini mwa India, Banaras ikiwa mstari wa mbele, waliingia mitaani wakapaka weusi vibao vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Maduka, ofisi na hata namba za magari hazikusalimika. Wito wao ulikuwa wa maneno mawili tu: Angrezi hatao, yaani ondoeni Kiingereza. Mwaka uliofuata, katika mji wa Ranchi, ikatoka kamusi nene ya Kiingereza kwa Kihindi. Aliyeitunga hakuwa Mwingereza, wala hakuzaliwa India. Alikuwa padri Mjesuiti kutoka Ubelgiji, mwenye ndevu ndefu na masikio mazito, jina lake Camille Bulcke. Wahindi walimwita Kamil Bulke. Kitabu chake, Angrezi-Hindi Kosh, kilikuwa na maneno yapatayo 40,000, na mpaka leo ni miongoni mwa kamusi zinazotajwa kwanza mwanafunzi wa kaskazini mwa India anapouliza maana ya neno la Kiingereza.

Kihindi kinachozungumziwa hapa si kile ambacho watu wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam wamezoea kukisikia madukani. Humo aghalabu ni Kigujarati na Kikachi. Hiki ni Kihindi cha bonde la Ganges, kinachoandikwa kwa hati za Devanagari, pacha wa Kiurdu kinachoandikwa kwa hati za Kiajemi. Wasemaji wa lugha hizi mbili wakikutana sokoni huelewana bila taabu. Wakishika kalamu ndipo njia zao zinapoachana.

Bulcke aliipenda lugha hii kuliko wenyeji wengi walivyoipenda. Sasa ilikuwaje mpenzi wa Kihindi akatumia miaka mingi ya uhai wake kufasiri Kiingereza, lugha aliyoilaumu kwa kuwavimbisha watu vichwa? Jibu lake linaanzia mbali, karibu miaka 200 kabla ya kamusi yenyewe.

Mwaka 1782 daktari kijana kutoka Edinburgh, John Borthwick Gilchrist, alishuka melini Bombay. Aliingia katika utumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na alipokuwa akisafiri na jeshi kutoka Surat kwenda Fatehgarh aliona jambo ambalo wakubwa wake hawakulijali. Kampuni iliwahimiza maafisa wake wajifunze Kiajemi, lugha ya mahakama na ya dola ya Wamughal. Lakini safari nzima, kuanzia pwani ya magharibi hadi bonde la Ganges, askari, wachukuzi na wauza nafaka hawakuwa wakisema Kiajemi. Walikuwa na lugha yao waliyoelewana kwayo, ambayo Waingereza waliiita Kihindustani, na wengi wao wakaiona si lugha ya kumsumbua muungwana.

Gilchrist aliiona vingine. Mwaka 1785 aliomba ruhusa kazini akaenda kukaa Faizabad, akafuga ndevu, akavaa mavazi ya wenyeji, akaanza kujifunza. Alitafuta kamusi hakuipata. Walimu wa lugha aliowaajiri, wale waitwao munshi, hawakuwa na kitabu cha namna hiyo, na walishangaa kuulizwa. Nani aandike kamusi ya lugha aliyoinyonya kwa mama yake? Ikambidi Gilchrist awakalishe na kuyachota maneno vinywani mwao, moja baada ya jingine. Baadaye alihamia Ghazipur, akawa analima nili huku akiandika. Kamusi yake ya Kiingereza na Kihindustani ilichapwa Calcutta sehemu kwa sehemu, ikakamilika mwaka 1790.

Mpangilio wa kitabu kile unaeleza mengi. Neno la Kiingereza limetangulia, la Kihindustani limefuata, na Gilchrist mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa kuiandika lugha hiyo kwa hati za Kirumi. Aliyekusudiwa kukifungua ni Mwingereza mwenye jambo la kumwambia mpishi, askari au mshtakiwa. Mpishi mwenyewe hakukusudiwa. Alikuwa chemchemi ya maneno, basi.

Hata hivyo Gilchrist alikuwa na sikio. Alitambua kwamba Kihindustani kina namna tatu za kusemwa: ile ya majumba ya wakubwa iliyojaa Kiajemi na Kiarabu, ile ya mashambani iliyo karibu na Kisanskriti, na ya katikati ambayo ndiyo aliyoipendelea. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuielewa namna ya kwanza. Kitabu huko huitwa kitab, dunia ni duniya, habari ni khabar, wakati ni vaqt na kanuni ni qanun. Ni Kiarabu kilekile kilichotufikia sisi kwa majahazi, wao kikawafikia kupitia Uajemi. Lakini kando ya kila neno kati ya hayo limesimama jingine la asili ya Kisanskriti: pustak, sansar, samachar, samay, vidhi. Kwa hiyo anayefasiri neno moja la Kiingereza kwa Kihindi hukuta milango miwili, na mlango atakaouchagua husema ni mtu wa upande gani.

Uchaguzi huo ulipata makao rasmi mwaka 1800, Gavana Mkuu Wellesley alipofungua Chuo cha Fort William mjini Calcutta ili kuwafundisha lugha makarani vijana wa Kampuni. Gilchrist akawa mkuu wa Kihindustani hadi mwaka 1804. Vitabu vya kusomea havikuwapo, hivyo chuo kikaajiri waandishi wavitunge. Mir Amman wa Delhi akaandika Bagh-o-Bahar kwa lugha ya wastaarabu wa mjini kwake, kwa hati za Kiajemi. Lallu Lal, Mgujarati mwenye makazi Agra, akaandika Prem Sagar kwa Devanagari, akijitahidi kuyakwepa maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani chuo kile kilizitenga Kihindi na Kiurdu. La hakika ni kwamba tangu hapo vitabu vya shule vilikuwa na sura mbili, na watunga kamusi waliofuata walilazimika kuchagua.

Mmoja wao alikataa kuchagua kwa kutazama vitabu. S. W. Fallon, mkaguzi wa shule huko Bihar, alichoshwa na kamusi zilizojaa maneno ya wanazuoni. Yeye aliyatafuta maneno katika nyimbo, mafumbo, methali na hasa katika mazungumzo ya wanawake majumbani, ambao aliamini lugha yao haikuharibiwa na madoido ya ofisini. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo Sayyid Ahmad Dehlvi, ambaye baadaye alitunga kamusi yake kubwa ya Kiurdu. Kamusi ya Fallon ya Kihindustani kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1879. Yeye alifariki mwaka uliofuata, na ile ya Kiingereza kwa Kihindustani ikachapwa mwaka 1883 akiwa kaburini.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1835 serikali ya Kampuni, ikifuata hoja za Thomas Macaulay, iliamua kuelekeza fedha za elimu ya juu kwenye Kiingereza. Miaka miwili baadaye Kiajemi kikaanza kuondolewa mahakamani. Ajira, cheo na heshima vikahamia upande wa Kiingereza. Mwenye haja ya kamusi hakuwa tena mtawala anayetaka kutoa amri, bali kijana wa Banaras au Patna anayetafuta ukarani. Haja iligeuka, lakini vitabu vilivyokuwapo viliendelea kumtazama yule bwana wa zamani.

Wenyeji ndio walioanza kuliziba pengo. Mwaka 1893, mjini Banaras, wanafunzi watatu, Shyamsundar Das, Ramnarayan Mishra na Shivkumar Singh, walianzisha Nagari Pracharini Sabha, jumuiya ya kueneza hati za Nagari, yaani Devanagari. Miaka saba baadaye Nagari iliruhusiwa mahakamani katika majimbo yao, jambo ambalo jumuiya ililipigania. Mwaka 1906 ikatoa faharasa ya istilahi za sayansi, ikieleza kwa Kihindi maneno ya Kiingereza ya elimu ya nyota, kemia, jiografia, hisabati, falsafa, fizikia na uchumi. Sasa kazi kubwa ya aina hii ikawa imefanywa na wenye lugha, kwa ajili ya wenye lugha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1947, kazi ya kufasiri Kiingereza ikawa suala la dola. Tarehe 14 Septemba 1949 Bunge la Katiba lilikubaliana kwamba Kihindi katika hati za Devanagari kiwe lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kiendelee kutumika kwa miaka 15. Ibara ya 351 ya katiba iliitaka serikali ikikuze Kihindi kwa kuchota msamiati kwanza kabisa kutoka Kisanskriti. Hapo mlango mmoja kati ya ile miwili ulipewa muhuri.

Aliyeshika ufunguo wake alikuwa Raghu Vira, mwanazuoni mzaliwa wa Rawalpindi na mjumbe wa Bunge hilo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kisanskriti, alisema, kina mizizi, viambishi vya mbele na vya nyuma vya kutosha kuzaa istilahi zisizo na mwisho, na zinazoonyesha undugu wao. Chukua mzizi mmoja: unapata vidhi, sheria, samvidhan, katiba, vidheyak, muswada, vidhayak, mtunga sheria. Anayejua mmoja huwakisia ndugu zake, kama sisi tunavyopata mtawala, utawala na mtawaliwa. Kamusi yake kubwa ya Kiingereza kwa Kihindi ilitoka mwaka 1955, na maneno mengi ya namna hiyo yameota mizizi serikalini.

Yalipotoka nje ya serikali yalikutana na kicheko. Mzaha uliovuma zaidi ulihusu treni. Ilisemwa kwamba wasomi wa Kisanskriti wanataka iitwe lauh-path-gamini, yaani ipitayo njia ya chuma, wakati kila abiria stesheni alikuwa akisema relgari. Neno hilo lilikuwa nusu Kiingereza na nusu Kihindi, na nusu yake ya Kihindi ndiyo iliyovuka bahari ikawa gari letu. Waziri Mkuu Nehru mwenyewe, Mhindi wa Allahabad, alilalamika hadharani juu ya Kihindi kizito cha serikali ambacho kilimpita. Hali ikawa ya ajabu: mtu anafungua kamusi atafute maana ya neno la Kiingereza, anapewa neno la Kihindi ambalo nalo inabidi alitafutie maana.

Mwaka 1961 serikali iliunda Tume ya Istilahi za Sayansi na Ufundi ili kazi hiyo ifanywe kwa utaratibu. Lakini siasa haikungoja orodha zikamilike. Ile miaka 15 ilipotimia tarehe 26 Januari 1965, jimbo la Madras liliwaka. Wasemaji wa Kitamili waliona wanatoka mikononi mwa Mwingereza na kutiwa mikononi mwa watu wa kaskazini. Watu wengi walikufa, wengine wakijichoma moto. Serikali ikaahidi kwamba Kiingereza kitabaki, na mwaka 1967 ahadi ikawa sheria. Hiyo ndiyo iliyowapandisha hasira vijana wa Banaras.

Ndani ya zogo hilo, kule Ranchi, Bulcke alikuwa akikamilisha kamusi yake.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1909 katika kijiji cha Ramskapelle, karibu na bahari, Flanders Magharibi. Ubelgiji, nchi ileile iliyokuwa ikitawala Kongo, ilikuwa na ugomvi wa lugha nyumbani kwake. Waflemi wa kaskazini husema Kiholanzi cha kwao, lakini tangu uhuru wa mwaka 1830 serikali, mahakama na elimu ya juu vilikuwa mikononi mwa Kifaransa. Kijana wa Kiflemi aliyetaka kuwa mtu mbele za watu alipaswa kujifunza kuionea haya lugha ya mama yake. Chuo Kikuu cha Ghent kilikuja kufundisha kwa Kiholanzi kikamilifu mwaka 1930 tu. Miaka hiyo Bulcke alikuwa akisomea uhandisi Leuven, na alikuwa upande wa wanafunzi waliodai haki ya Kiflemi. Mwaka huohuo wa 1930 akaacha njia ya uhandisi akajiunga na Wajesuiti.

Wajesuiti wa Kiflemi walikuwa na misheni katika nyanda za Chotanagpur, mashariki mwa India. Huko alikuwa amewatangulia Constant Lievens, Mflemi aliyefika mwaka 1885 na kujipatia jina kwa kuwasaidia Wamunda na Waoraon katika kesi za ardhi zao. Bulcke aliwasili India mwaka 1935. Alikaa kwanza Darjeeling, kisha akapelekwa kufundisha hisabati Gumla. Kilichomuuma si umaskini wala joto. Aliumizwa kuwaona wasomi wa Kihindi wakijivunia Kiingereza chao, huku wakiwa hawajui sana urithi wa lugha zao. Alikuwa ameyaona hayo nyumbani, tofauti ikiwa jina la lugha iliyotukuzwa. Akaazimia kuijua lugha ya watu wale mpaka mwisho wake.

Alianza kama mtoto, kwa herufi. Akajifunza Kihindi, kisha Kisanskriti, kisha Kiawadhi na Kibraj, lahaja za ushairi wa zamani. Alipata upadri mwaka 1941, akasoma shahada ya Kisanskriti Calcutta, na mwaka 1945 akaingia Chuo Kikuu cha Allahabad kwa shahada ya uzamivu. Somo lake lilikuwa historia ya kisa cha Rama, tangu kilipochipuka hadi kilipoenea Asia ya Kusini Mashariki. Mshairi aliyempenda kuliko wote alikuwa Tulsidas, aliyekisimulia kisa hicho kwa Kiawadhi katika karne ya 16.

Allahabad kulikuwa na kikwazo ambacho leo kingechekesha. Tasnifu, hata ile ya idara ya Kihindi, ilipaswa kuandikwa kwa Kiingereza. Mzungu akakataa. Alisema ataandika kwa Kihindi au hataandika. Makamu mkuu wa chuo, Amarnath Jha, ambaye yeye mwenyewe alikuwa profesa wa Kiingereza, alikubali kanuni ibadilishwe. Tasnifu ikaandikwa kwa Kihindi, ikakubaliwa, na mwaka 1950 ikachapwa kwa jina la Ramkatha: Utpatti aur Vikas. Mwaka uliofuata Bulcke akachukua uraia wa India.

Alikuwa sasa mkuu wa Kihindi na Kisanskriti katika Chuo cha St. Xavier's, Ranchi. Masikio yake yalizidi kufifia, na mwalimu asiyesikia wanafunzi hupata shida darasani. Akajiondoa kidogo kidogo katika ufundishaji akahamia kwenye vitabu. Makazi yake Manresa House yakawa maktaba ya mji: wanafunzi na watafiti waliingia, wakaazima, wakauliza. Ni katika kuulizwa huko ndipo alipoona pengo. Vijana wa vijijini, watoto wa wakulima wa Chotanagpur na Bihar, walikuwa wakisoma Kiingereza kwa kamusi zilizotungwa kwa Waingereza, au kwa orodha za serikali zilizohitaji kamusi nyingine. Mwaka 1955 alitoa faharasa ndogo ya istilahi. Kisha akaanza ile kubwa.

Wanaomkumbuka hupenda kurudia usemi wake kwamba Kisanskriti ni mama malkia, Kihindi ni mkaza mwana mwenye nyumba, na Kiingereza ni mtumishi wa ndani. Wengi huutaja kama tusi kwa Kiingereza. Kumbe ndani yake mna sababu ya kamusi. Anayemtumia mtumishi lazima amjue jina, kazi yake na tabia zake, la sivyo mtumishi ndiye atakayeitawala nyumba. Bulcke hakutaka Kiingereza kipakwe weusi. Alitaka kijana wa Gumla akielewe kwa lugha yake, asikiogope.

Kazi ilianzia kwenye sauti. Kiingereza hakisomeki kama kilivyoandikwa, ilhali Devanagari husomeka. Basi mwenye kamusi anaweza kuliweka neno la Kiingereza katika Devanagari na msomaji akalitamka mara moja, herufi bubu zikiwa zimeachwa nje. Lakini Devanagari nayo haina sauti zote za Kiingereza. Vokali iliyo katika neno "college" haimo, ndiyo maana Wahindi waliiwekea alama ya mwezi mwandamo juu ya herufi. T na D za Kiingereza huandikwa kwa zile herufi zinazotamkwa kwa kuikunja ncha ya ulimi kuelekea paa la kinywa, kwa kuwa sikio la Mhindi ndivyo linavyozisikia. Bulcke aliongeza alama zake ili kuikaribia sauti ya Kiingereza kadiri hati zilivyomruhusu. Kwa mwanafunzi asiyewahi kumsikia Mwingereza akisema, na ambaye mwalimu wake pia hakumsikia, safu ile ya matamshi ilikuwa na thamani sawa na maana yenyewe.

Kisha maana. Hapo mtunga kamusi wa Kihindi hukutana na matata ambayo msomaji wa Kiswahili anayajua kwa kuyaishi. Chukua neno la Kiingereza "rice". Mwingereza analo moja, kwa sababu kwake zao hilo lilifika dukani likiwa limekobolewa. Mhindi ana dhan likiwa shambani na maganda yake, chawal likishakobolewa, na bhat likishapikwa. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Kamusi ikiandika neno moja tu mbele ya "rice" inamdanganya mkulima. Inapaswa kuyaweka yote matatu na kuonyesha mipaka yake.

Jamaa nao vivyo hivyo. Kwa Kiingereza "uncle" anaweza kuwa mtu yeyote wa rika la baba. Kwa Kihindi tau ni baba mkubwa, chacha ni baba mdogo, phupha ni mume wa shangazi, mausa ni mume wa mama mdogo au mama mkubwa. Mjomba naye huitwa mama, neno linaloweza kumchekesha Mswahili akilisikia kwa mara ya kwanza. Kila mmoja ana kiti chake harusini na sehemu yake katika mirathi, na anayewachanganya atawakosea heshima.

Safari nyingine mambo hugeuka, Kihindi kikawa na neno moja ambapo Kiingereza kina mawili. Jana ni kal, na kesho ni kal. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mwanafunzi wa Kihindi anayeandika Kiingereza lazima aonywe kwamba huko siku hizo mbili hazikai chumba kimoja.

Na ile milango miwili, wa Kiajemi na wa Kisanskriti? Bulcke alikuwa mwanafunzi wa Kisanskriti na mpenzi wa Tulsidas. Angeweza kuufunga mlango wa Kiajemi na asilaumiwe na serikali. Hakufanya hivyo. Neno ambalo watu wanalisema alilichukua, liwe limetoka Uajemi, Arabuni au kwa Mwingereza mwenyewe, na istilahi mpya za Kisanskriti akazipa nafasi pale zilipokuwa na kazi. Mhandisi wa zamani alikuwa anapima kila neno kwa swali la kihandisi: linabeba?

Kitabu kilitoka mwaka 1968, kikachapwa tena na tena, na baadaye nyumba ya uchapaji ya S. Chand ya Delhi ikakisambaza nchi nzima. Walimu, wafasiri wa mahakama, waandishi wa magazeti na watahiniwa wa kazi za serikali walikiweka mezani. Mwaka 1974 serikali ya India ilimpa Bulcke nishani ya Padma Bhushan. Yeye alikuwa ameshahamia kazi nyingine: Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kihindi, Naya Vidhan, lilitoka mwaka 1977, na alikuwa bado analishughulikia Agano la Kale alipougua. Alifariki Delhi tarehe 17 Agosti 1982 akazikwa huko. Mwaka 2018 masalia yake yalirudishwa Ranchi, yakazikwa upya katika uwanja wa Chuo cha St. Xavier's. Barabara ya Purulia, iliyo mbele ya chuo hicho, sasa inabeba jina lake.

Kiingereza hakikuondoka India. Kihindi nacho hakikushindwa. Lugha hizo zinaishi pamoja kwa kugombana na kukopeshana, na simu za mkononi sasa hutoa maana ya neno kabla mtu hajamaliza kuliandika. Tume ya istilahi ingali inatoa orodha zake. Baadhi ya maneno yake yameshika, mengine hayajapata kutoka ofisini. Kamusi ya Gilchrist na ya Fallon zimebaki kuwa hazina ya watafiti, na ni hazina kweli, maana zimehifadhi vinywa vya watu wa karne mbili zilizopita.

Kilichoitofautisha kazi ya Bulcke na zilizoitangulia si wingi wa maneno. Raghu Vira alikuwa na mengi zaidi, na wasaidizi wa Fallon waliijua lugha tangu utotoni. Ni kwamba Bulcke alimjua aliyeketi upande wa pili wa ukurasa. Huyo alikuwa kijana wa kijijini mwenye akili timamu, asiye na sababu ya kuionea haya lugha yake, aliyekutana na neno geni na kutaka kuelezwa bila kudharauliwa. Bulcke alimjua kwa sababu naye aliwahi kuwa kijana huyo, katika nchi nyingine na mbele ya lugha nyingine.

Nasi wa Kiswahili tunazo kamusi zetu za lugha mbili, za zamani zilizotungwa na wamisionari na maafisa, na za sasa zilizotungwa na taasisi zetu. Ukifungua mojawapo, msomaji, tazama kwanza imemwandikia nani: mgeni anayetaka kutuamuru, ofisi inayotaka kutimiza orodha, au mtoto wa shule anayetaka kuelewa. Na kama ni wewe unayeitunga, mwandikie huyo wa mwisho.